Runinga Utotoni, Runinga Uzeeni



Likizo ya Desemba iliyopita nilisafiri na ahli yangu kutoka Mombasa hadi Kibirichia, kaunti ya Meru, kumzuru mama mkwe. Kibirichia iko kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya. Ni nchi ya viazi na baridi, na siku ya anga safi mtu huziona nyika za Isiolo zimetandaa kule chini kama mkeka. Marehemu baba mkwe alikuwa mfanyabiashara wa mifugo wa Isiolo aliyeoa huko juu akahamia, na mama mkwe akasilimu kabla ya nikaha yao. Sasa ni mjane wa miaka tisa. Watoto wake watano wametawanyika kwa riziki: wengine Nairobi, mmoja Nanyuki, mke wangu Mombasa, na kitindamimba yuko Doha.

Nataka kuwaeleza kosa nililolitenda katika nyumba ya mama huyu, kwa sababu naamini wengi wetu tunalitenda, na tunalitenda tukidhani tunafanya wema.

Tulifika baada ya Alasiri. Tangu tulipokuwa langoni tuliisikia runinga ikinguruma ndani. Tulipoingia sebuleni hapakuwa na mtu. Mama alikuwa jikoni akimenya viazi, na kwenye runinga palikuwa na tamthilia ya kigeni iliyotiwa sauti za lugha nyingine, wanawake wawili wakigombea urithi. Nilidhani amejisahau. Lakini siku zilizofuata niliona kuwa ndiyo ada yake: runinga huwashwa baada ya Alfajiri na kuzimwa wakati wa kulala, atazame asitazame.

Mimi ni mwalimu wa madrasa. Kila juma nawafundisha watoto wa watu kwamba jicho ni amana na sikio ni amana. Jambo lile lilinikera moyoni, lakini haya baina ya mkwe na mama mkwe ni pazia zito, kwa Wameru kama kwetu pwani, na sikuweza kumkabili. Basi asubuhi ya siku tuliyoondoka nilichukua rimoti, nikatafuta idhaa inayorusha matangazo ya moja kwa moja kutoka Makka, Qur'ani ikisomwa na mahujaji wakitufu, nikaiacha hapo. Mama akasema, “Ahsante, Mwalimu.” Niliingia garini nikiwa na furaha ya mtu aliyekataza ovu kwa hekima bila kuvunja heshima ya mtu.

Binti yetu alibaki na nyanya yake kwa majuma mengine matatu. Yaliyotokea nyuma yetu nitayaeleza mbele. Kwanza natakeni mrudi nami nyuma kidogo, kwa sababu kosa langu lilianza pale niliposahau jinsi mimi mwenyewe nilivyobadilika mbele ya sanduku hili.

Dirisha la jirani

Runinga ilianza kurushwa nchini Kenya mwaka 1962, na Mombasa ikapata kituo chake mwaka 1970. Mimi nilizaliwa wakati huohuo, kwa hiyo naweza kusema tumekua pamoja. Katika mtaa wetu wa Mji wa Kale nyumba zenye runinga zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Jamaa zetu waliotoka Unguja walitusimulia kwamba kwao picha zina rangi, nasi tukawaita waongo. Kumbe walikuwa wakweli, maana Zanzibar ndiyo iliyotangulia kuwa na runinga ya rangi katika Afrika iliyo kusini ya Sahara, mapema miaka ya 1970. Ajabu ni kwamba ndugu zao wa Tanzania Bara walingoja hadi mwaka 1994 kupata kituo cha kwanza.

Jioni, tukitoka chuoni na mbao zetu, tulikwenda kusimama kwenye dirisha la jirani mmoja. Mama wa nyumba ile alikuwa na huruma; tukiwa wachache alitukaribisha ndani tukae chini kwenye mkeka, tukiwa wengi alitufungulia dirisha tu. Idhaa ilikuwa moja, Sauti ya Kenya. Ilifunguliwa jioni na kufungwa usiku. Tulitazama kila kitu: habari ambazo hatukuzielewa, kilimo cha ng'ombe wa maziwa, hata saa ile iliyooneshwa kabla ya vipindi kuanza. Mtoto hachagui. Chochote kinachotikisika kwake ni muujiza, na akipenda kitu hutaka akione mara mia.

Mke wangu naye alikuwa na dirisha lake huko Kibirichia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mwaka mmoja ambao viazi vilipata bei nzuri, baba mkwe alinunua runinga ndogo ya Great Wall, nyeusi na nyeupe. Umeme haukuwa umefika bomani kwao. Waliiendesha kwa betri ya gari, na betri ikiisha nguvu ilipakiwa kwenye punda kupelekwa sokoni kuchajiwa. Antena ilifungwa juu ya mti mrefu, na kazi ya mtoto mmoja ilikuwa kwenda nje katika baridi kuuzungusha mti ule huku wenzake wakipiga kelele kutoka ndani: “Bado! Bado! Chengachenga! Hapo hapo!” Kwa kuwa betri haikudumu, baba alipanga: habari, kisha Vitimbi, kisha kuzima. Majirani walijaa, na wengine walikuja na viti vyao.

Mke wangu akikumbuka siku zile, vipindi vyenyewe havikumbuki sana. Anakumbuka joto la chumba kilichojaa watu, harufu ya moshi kwenye nguo zao, na sauti ya baba yake akicheka kabla Mzee Ojwang hajamaliza kusema.

Ujana na kelele zake

Ujanani nilitaka jambo jingine. Sikutaka tena kukaa kimya nikishangaa. Nilitaka kupiga kelele pamoja na wenzangu. Ijumaa tarehe 8 Juni 1990, mara baada ya Magharibi, tulijibana vijana wengi kupita kiasi katika chumba kimoja kutazama Cameroon ikifungua Kombe la Dunia dhidi ya Argentina, waliokuwa mabingwa. Cameroon walitolewa wachezaji wawili kwa kadi nyekundu na bado wakashinda bao moja kwa bila. Kabla mashindano hayajaisha walikuwa wamefika robo fainali, jambo ambalo timu ya Afrika haikuwa imelifanya kabla yao.

Nilikuwa na miaka 20. Tulimcheka na kumstaajabia Roger Milla kwa sababu alikuwa na miaka 38. Tulimwita mzee, tukiulizana babu huyu anapata wapi pumzi za kukimbia hadi kwenye kibendera cha kona na kucheza. Leo nina miaka 56. Nilipoiona tena picha ya zamani ya Milla nilijiambia: kijana mdogo yule! Picha ni ileile. Macho yangu ndiyo yaliyohama.

Nami nakiri kwenu kwamba katika miaka ile Isha ilichelewa mara nyingi kwa sababu ya mpira. Baba yangu, Allah amrehemu, hakunigombeza mbele ya wenzangu. Siku moja alikuja, akaketi nasi hadi kipindi cha kwanza kikaisha, akauliza jina la kila mchezaji, kisha akasimama na kusema, “Mapumziko ni dakika kumi na tano. Rakaa nne haziwezi kuzidi hapo.” Chumba kizima kilimfuata. Kama angaliizima runinga, sidhani kama wawili wangalimfuata.

Utu uzima: habari na hofu

Kisha mtu huoa, huzaa, huanza kulipa karo. Hapo tamthilia humchosha na mpira humpata amesinzia kitini. Anachokitaka ni habari. Nchini kwetu saa moja jioni ni saa ya Taarifa ya Habari kwa Kiswahili, na wababa wengi huingia nyumbani wakiwa na neno moja tu: “Nyamazeni, nisikilize.” Hatutazami kwa raha. Tunatazama kama mlinzi anayezunguka ua usiku: bei ya unga imefika wapi, shule zinafungwa lini, barabara ya wapi imefurika.

Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, machafuko ya uchaguzi yalipoizonga nchi, nilikaa mbele ya runinga siku nzima nikidhani nikitazama sana nitawalinda wanangu. Sikumlinda mtu. Niliwatisha tu, maana watoto walikuwa wakiutazama uso wangu kuliko walivyoitazama runinga. Hili nawaomba wazazi walishike: mtoto mdogo huisoma habari katika uso wa mzazi.

Mwaka 2015 nchi ilihamia mfumo wa dijitali, na runinga isiyo na king'amuzi ikageuka kuwa sanduku tupu. Kule Kibirichia Great Wall ile ya betri, iliyokuwa imeponea chupuchupu miaka yote, ilitolewa sebuleni ikawa meza ya kuwekea taa stoo. Mwezi wa Julai mwaka huohuo Benson Wanjau, ambaye Wakenya walimjua kwa jina la Mzee Ojwang, alifariki dunia. Alikuwa Mkikuyu aliyeigiza mzee wa Kijaluo kwa miaka mingi hata watu wakasahau kuwa anaigiza. Mke wangu ananiambia kwamba mama yake alipopata habari ile alikaa kimya kitambo kirefu, kama mtu aliyefiwa na jirani. Wakati huo mumewe alikuwa bado hai. Wawili hao walisimuliana vichekesho vya zamani hadi usiku.

Mume alipokufa, kijana wao wa Nairobi alileta runinga pana ya kutundika ukutani, na king'amuzi, na rimoti mbili. Alifanya wema, Allah amlipe. Lakini safari hii majirani hawakuja na viti, kwa sababu kila mmoja ana ya kwake.

Aliyonieleza binti yangu

Sasa narudi kwenye kosa langu. Binti yetu aliporejea Mombasa mwezi wa Januari, nilimwuliza kwa furaha kama nyanya yake anaitazama ile idhaa ya Makka. Alinyamaza kwanza. Kisha akasema, “Baba, tangu mlipoondoka Nyanya hakuiwasha tena runinga.”

Nikamwuliza kwa nini.

“Anasema Qur'ani ikisomwa si adabu mtu kumenya viazi na kufukuza kuku na kuzungumza na simu. Inataka mtu akae, anyamaze, asikilize. Naye hawezi kukaa siku nzima. Basi akaizima. Na ile tamthilia akaona haya kuirudia, usije ukadhani ameichagua akaiacha Qur'ani.”

“Na sasa anafanya nini?”

“Anakaa. Anasema nyumba imekuwa kubwa.”

Ndugu zangu, nimesoma vitabu kwa miaka mingi, na sikumbuki kama nimewahi kufundishwa adabu ya Qur'ani kwa namna iliyonichoma kama hivyo. Mimi niliyejiona mwenye ilimu niliifanya kauli ya Mola kuwa kelele za kujaza chumba. Mama wa Kibirichia, aliyejifunza sura zake ukubwani, alikataa kuifanya hivyo. Na ile tamthilia niliyodhani imemteka, wala haifuati. Binti alimwuliza yule mwanamke mwenye nguo nyekundu ni nani, akajibu, “Simjui. Napenda tu wanavyoitana majina.”

Wanavyoitana majina. Mwanamke aliyelea watoto watano, ambaye kwa miaka arubaini jina lake liliitwa kila baada ya dakika mbili kutoka kila pembe ya nyumba, sasa hupitisha siku nzima bila kuitwa.

Umri unavyobadilisha kiti

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaangalia wazee wa mtaani kwetu kwa jicho jingine. Wengi hawatazami kwa macho tena. Wanatazama kwa masikio. Mtu akivuka miaka arubaini jicho huanza kushindwa kuona vya karibu, na baadaye huja mtoto wa jicho na mengineyo. Sikio nalo hupoteza kwanza sauti nyembamba, zile zinazotenganisha neno na neno, kwa hiyo mzee husikia kwamba watu wanasema lakini haelewi wanasema nini, hasa muziki ukipigwa nyuma yao. Ndiyo maana huongeza sauti, nasi tunamwambia, “Bibi, unatupasua masikio.” Mara nyingine dawa si kumnyang'anya rimoti. Dawa ni kumpeleka hospitali akapimwe masikio.

Na mzee hupenda kipindi anachokijua tayari, kama mtoto mdogo. Lakini sababu si moja. Mtoto hurudia kwa kuwa dunia ni ngeni kwake na anataka kuishika. Mzee hurudia kwa kuwa dunia imekuwa ngeni tena, na anashikilia kile kinachomjua.

Hivyo basi chombo ni kimoja, lakini kila umri huketi mbele yake kwa haja yake. Mtoto anataka muujiza, kijana anataka wenzake, mtu mzima anataka kutulizwa hofu, na mzee anataka sauti ya mtu ndani ya nyumba. Asiyejua haja hiyo atakataza palipohitaji kuliwazwa, na ataruhusu palipohitaji kulindwa.

Aliyesimama hadi akatosheka mwenziwe

Mwalimu wetu katika jambo hili ni Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam. Bukhari na Muslim wamepokea kisa ambacho nyote mnakijua: siku ya Idi Wahabeshi walikuwa wakicheza kwa mikuki na ngao msikitini Madina, na Bibi Aisha, radhiyallahu anha, alipenda kutazama. Mtume alimsimamisha nyuma yake, akamsitiri, shavu lake likiwa karibu na shavu lake, naye akatazama. Hakumharakisha. Alisimama hadi Bibi Aisha mwenyewe akatosheka. Na baadaye, akiwa mtu mzima anayesimulia, Bibi Aisha aliwanasihi watu waupime ule umri wa msichana mdogo apendaye mchezo, wamkadirie kadiri yake.

Katika kisa hiki kuna mambo mawili ninayoyaona yakitupita. La kwanza, umri ulizingatiwa. Haikusemwa kwamba yeye ni mke wa Mtume kwa hiyo asipende mchezo. La pili, na hili ndilo lililonipiga, Mtume hakumwachia dirisha akaenda zake. Alikuwapo, na bega lake ndilo lililokuwa kiegemeo. Sisi leo tunanunua runinga ili tupate kuondoka: tunamwekea mtoto katuni ili tupike, tunampa kijana simu ili atuache, tunamtundikia mzee kioo ukutani ili tusafiri bila dhamiri kutusuta.

Siwaambii akina mama wasipike. Najua jua la saa sita jikoni na mtoto analia. Lakini Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto aliye chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Mtoto huyo mpe sufuria na mwiko akae karibu nawe. Kelele zake ni bora kuliko kimya chake mbele ya simu. Kijana wako mketie ubavuni, umwulize majina ya wachezaji kabla ya kumkumbusha swala. Yaliyo haramu yabaki haramu kwa kila umri, hapo hatuna ruhusa ya kulegeza. Lakini kabla ya kumzimia mtu runinga, jiulize utakaa naye baada ya kuizima? Kama jibu ni la, bado hujapata haki ya kuizima.

Nilimpigia simu mama mkwe. Haya ilinibana koo, nikamwomba radhi kwa kuzungukazunguka, kama inavyotupasa. Alicheka, akasema, “Mwalimu, mbona yamekwisha. Mtakuja lini?” Sikuwa na jibu, kwa kuwa nauli ya watu sita hadi Meru si jambo dogo. Lakini tumepatana jambo moja. Saa moja jioni yeye huwasha Taarifa ya Habari kule Kibirichia, nami huiwasha Mombasa, na habari zikimalizika mmoja wetu humpigia mwenziwe. Hunieleza bei ya viazi ambayo mtangazaji hakuitaja. Wajukuu hupokezana simu, na kila mmoja humwita, “Nyanya!” kabla ya kusema neno jingine. Hilo nimewaamrisha mimi.

Akitaka kusikiliza Qur'ani, huketi baada ya Isha, shuka mabegani, mikono imetulia. Tamthilia ameirudia mchana. Sijamwuliza kitu.

Allah atujaalie kuwa watu wa kukaa na wazee wetu kabla nyumba zao hazijawa kubwa mno, na atupe watakaokaa nasi siku zetu zikifika. Wabillahi tawfiq.